Mjomba, mashua zao nazo zina macho

Mjomba wangu, fundi wa majahazi wa Matondoni, Lamu,

Assalaam aleikum. Siku ya Idi uliniambia neno likanikaa rohoni: kwamba jahazi la mwisho uliloliunda umelishusha majini bila macho, yale ya kuchongwa ya pande mbili za mbele, maana mwenye chombo aliona ni gharama ya bure. Siku ile nilinyamaza. Leo nakujibu, tena hadharani, ili na wenye majahazi wengine wasome.

Oktoba nilikwenda Malta, kisiwa kidogo kusini mwa Sicily. Jumapili asubuhi nikapanda basi kutoka Valletta, mji mkuu, hadi bandari ya wavuvi iitwayo Marsaxlokk. Hutamkwa Marsashlok. Marsa ni bandari, na xlokk ni upepo wa kusini-mashariki, ule wa joto unaowafikia kutoka Afrika. Ni kama sisi tuseme Bandari ya Kusi.

Nilipofika gatini nikaona ghuba nzima inanitazama. Mashua zao huitwa luzzu. Zimepakwa mistari ya samawati, manjano, nyekundu na kijani, na kila omo, yaani mbele ya chombo, ina macho mawili. Nikachutama nikaliangalia moja kwa karibu. Limechongwa kwa mbao likagongomewa, mboni nyeusi, nyusi imepinda juu yake, na rangi imerudiwa juu ya rangi hata kingo zimevimba. Macho yetu ni ya duara, yao ni kama ya mtu. Wenyewe husema desturi hiyo ni ya tangu Wafoinike, mabaharia waliokaa Malta kabla ya Kristo, na kwamba macho humlinda mvuvi.

Soko la Jumapili limejaa vitu vya watalii. Hapo nilipita tu. Kwenye meza za samaki ndipo nilipoganda, maana nilimkuta fulusi! Wao humwita lampuki, na msimu wake huishia Desemba. Namna wanavyomvua ungeipenda: hufunga makuti ya mtende juu ya chelezo, wakakitia nanga ya jiwe, samaki wakaja kujikusanya kivulini, ndipo wakazungushiwa nyavu.

Karibu na hapo mzee mmoja alikuwa akishona wavu. Tulizungumza Kiingereza, lakini nilipomuuliza amekaa baharini miaka mingapi, akajibu kwa Kimalta: "Ħamsin." Hamsini, mjomba! Nikamwomba ahesabu. Sita kwao ni sitta, tisa ni disgħa, bahari ni baħar. Lugha yao ina asili ya Kiarabu, nasi tumechota humo humo. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya jahazi lako la zamani. Akaweka wavu chini, akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka jicho likajaa kioo. Akalitazama kitambo, kisha akauliza nani amelichonga.

Nikasema, mjomba wangu. Sikuweza kumwambia kwamba umeacha.

Pale Marsaxlokk pia faiba imeingia, zile mashua zisizo za mbao. Lakini niliiona mashua moja ya faiba, mpya kabisa, nayo imepakwa macho. Mwenye chombo akikwambia tena kwamba ni gharama, naomba unitajie mimi bei. Macho ya jahazi lijalo nitayalipia. Na kipande cha mbao ya mbambakofi kilichobaki pale bandani usikichome. Mpe mjukuu wako na tezo ndogo, umkalishe karibu nawe.

Mpwa wako