Shangazi, nimwite Jabari au Wanjala?

Shikamoo Shangazi,

Nina mtoto wa kiume wa miezi 5 ambaye hadi leo hana jina kwenye karatasi yoyote ya serikali. Majina tunayo, tena mawili, na kila moja lina mtu aliyelishikilia hataki kuliachia. Naomba unisikilize mpaka mwisho, maana nyumbani nimeshachoka kulizungumza.

Mimi ni Mkamba wa Machakos, mume wangu ni Mbukusu wa Bungoma, na tunaishi Kayole. Kifungua mimba wetu ni Nekesa, ana miaka 6. Alizaliwa watu wakivuna mahindi, na jina lake halikutusumbua hata dakika moja, kwa sababu kwa Wabukusu msimu ndio humpa mtoto jina. Wa mvua ni Wafula au Nafula, wa kiangazi ni Simiyu au Nasimiyu, wa palizi ni Wanyonyi. Kwetu Ukambani hatuko mbali na hapo: aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Wambua, wa usiku ni Mutuku. Kwa hiyo sikuwahi kufikiri kwamba jina linaweza kumkosesha mtu usingizi.

Huyu wa pili alikuja wiki ya 31, akiwa na gramu 1,320. Mguuni alifungwa utepe ulioandikwa mtoto wa fulani, yaani mimi. Utepe wenyewe ulizungushwa mara mbili na bado ulikuwa ukiteleza hadi kisiginoni, nami nilikuwa nikiurudisha juu kwa ncha ya kidole kila nilipoingiza mkono kwenye inkubeta. Usiku wa pili muuguzi wa zamu aliniambia, "Mama, mwite. Sauti yako anaijua tangu tumboni." Nimwite nani sasa? Nikampigia Baba Nekesa simu saa nane za usiku. Hakusita. "Mwite Jabari."

Nikamwita Jabari. Nilimwita nikikamua maziwa matone kwa matone, nilimwita maziwa hayo yakipita kwenye mrija wa puani, nilimwita nikiwa nimemweka kifuani ngozi kwa ngozi, kofia imemfunika hadi kwenye nyusi, moyo wake ukienda mbio kama wa kifaranga. Kila asubuhi wakimpima nilisimama kando ya mizani. Gramu 20 leo, Jabari. Leo 15 tu, Jabari, si neno. Hivyo hivyo kwa wiki 5, mpaka tukaruhusiwa kwenda nyumbani akiwa kilo 2 kasoro kidogo. Sasa ana mashavu, Shangazi. Ukimwona huwezi kuamini.

Mume wangu jina hilo alilipata kwenye mpira wa vikapu. Aliucheza shuleni na hadi leo anafuatilia ligi ya Marekani, na kuna mchezaji aliyezaliwa Chicago, Jabari Parker, aliyewahi kucheza humo. Alipenda linavyotoka mdomoni, lile "ja" linavyofungua na "ri" inavyokata. Anasema ukiliita kutoka ng'ambo ya uwanja mtu ageuke, hilo ndilo jina la mwanamume. Mimi nilitaka kujua limetoka wapi hasa. Nikagundua kwamba Wamarekani weusi walianza kuwapa watoto wao majina ya Kiswahili miaka ya 1960 na 1970 wakitafuta asili yao Afrika, na Jabari ni mojawapo. Yaani jina liliondoka huku kwetu, likavuka bahari, na sisi wa Kayole tumelipata tena kupitia televisheni.

Nilipomweleza jirani yangu, mama mmoja mzaliwa wa Lamu, alinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Kisha akaniambia kwa upole kwamba Al-Jabbar ni mojawapo ya majina 99 ya Mwenyezi Mungu, na kwamba Waislamu wengi hawamwiti mtu hivyo peke yake. Husema Abduljabbar, yaani mja wa huyo Jabari. Ndiyo maana yule mchezaji mwingine wa zamani, Kareem Abdul-Jabbar, alipobadili jina mwaka 1971 aliliandika hivyo. Tena akaniambia kwamba kwa Kiarabu, neno hilo likitumiwa kwa binadamu laweza kumaanisha mtu mwenye kiburi, anayeonea wengine. Kwa Kiswahili jabari ni shujaa, mtu mwenye nguvu asiyeogopa, lakini asili yake ni hiyo.

Nilisikia baridi mwilini. Mimi ni Mkristo, lakini sitaki mwanangu abebe jina ambalo mtu mcha Mungu akilisikia anashtuka. Aliponiona nimebadilika uso, aliniongezea jambo ambalo sijalisahau. Alisema mzizi wa neno hilo kwa Kiarabu una maana nyingine pia: kuunga mfupa uliovunjika, kurudisha kitu kilichopungua mahali pake. Hata neno aljebra, ile hesabu ya shuleni, limetoka hapo hapo. Shangazi, nilimtazama mtoto aliyelala mgongoni mwangu, huyu aliyekuja akiwa amepungua wiki 9, nikalia mbele ya mke wa watu. Tangu siku hiyo Jabari kwangu si jina la shujaa wa kupigana. Ni jina la aliyeungwa akaungika.

Sasa nije kwa mama mkwe.

Alipotoka Bungoma kuja kutusaidia, mtoto alikuwa na miezi 2 na alikuwa akilia usiku kucha. Tulimpeleka kliniki, daktari akasema hana ugonjwa. Usiku mmoja, kama saa tisa hivi, mama mkwe alimchukua mikononi mwangu, akakaa naye kwenye kochi bila kuwasha taa, akaanza kutaja majina ya watu wa ukoo waliofariki. Alitaja moja, akangoja. Akataja la pili, akangoja. Kwa Wabukusu wazee husema marehemu anayetaka kurudi nyumbani hulia kupitia mtoto mpaka atajwe. Alipofika kwa baba mkwe, aliyetuacha miaka 2 iliyopita, alisema, "Wanjala." Mtoto akanyamaza. Akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akalala mpaka asubuhi. Niliona kwa macho yangu mwenyewe, siwezi kusema sikuona.

Wanjala ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa. Enjala ndiyo njaa kwa Kibukusu. Baba mkwe alizaliwa ghala zikiwa tupu na mahindi yakiwa bado hayajakomaa shambani. Na mimi, mama wa mtoto ambaye kila gramu yake niliihesabu, niliposikia kwamba aitwe jina la njaa, moyo ulikataa. Nilimwambia mama mkwe kwa adabu, "Mayi, huyu amepigania kila tone. Nimwite njaa?" Akanijibu, "Aliyeuawa na njaa hakubaki wa kuitwa. Wanjala ni yule aliyeikuta njaa na akaishi. Baba yenu alilima mpaka miaka 70 na zaidi. Unataka jina lenye nguvu gani kuliko hilo?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Jabari lenyewe halimkai mama mkwe ulimini. Husema "Chabari", na ndugu yangu naye husema "Jabali", akidhani tumemwita mwamba. Jabali ni neno lingine kabisa, limetokana na mlima kwa Kiarabu, lakini nusu ya ploti sasa inamwita hivyo. Zile herufi kali ambazo mume wangu alizipenda, kila mtu anazitamka kwa ulimi wa kwao.

Baba Nekesa ana hoja yake. Anasema yeye mwenyewe hutumia Wanjala kama jina la ukoo, kwa hiyo mtoto ataandikwa Jabari Wanjala, babu atakuwa ndani ya jina na mambo yamekwisha. Mama mkwe hakubali. Anasema jina la mwisho ni la mwenye boma, halimwiti mtu. Mwalimu akiita atasema Jabari, mama akiita atasema Jabari, na mzee atakaa mwishoni mwa karatasi kama muhuri. Anataka babu aitwe, mdomo ufunguke useme Wanjala mtoto aitike. Kwake aandikwe Wanjala Simiyu, Simiyu likiwa jina la Baba Nekesa mwenyewe. Mama yangu mzazi, niliyetegemea aniunge mkono, amenigeuka. Ukambani pia mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na anashangaa kwamba tunabishana.

Rafiki zangu wa chama nao wameleta yao. Mmoja alipendekeza Ethan, na nikatazama: ni la Kiebrania, maana yake imara, la kudumu, na kuna Ethani katika Zaburi ya 89. Mwingine akasema Petro, jiwe. Mwingine akasema Bernard, ambalo kwa Kijerumani cha kale ni ushujaa wa dubu. Yote ni mazuri, lakini hakuna hata moja nililolinong'ona kwenye inkubeta, na hakuna hata moja lililomnyamazisha saa tisa usiku.

Muda unanikimbiza. Mtoto hupaswa kusajiliwa kabla ya miezi 6 kuisha, baada ya hapo unaingia kwenye usajili wa kuchelewa na safari zake za kwenda na kurudi. Kijana wa saiba, kile kibanda cha intaneti, anayetujazia fomu ananiambia nisiwe na wasiwasi, kwamba sheria ya usajili wa vizazi na vifo humruhusu mzazi kubadilisha jina la mtoto ndani ya miaka 2 tangu asajiliwe, na kwamba baadaye kuna kiapo na tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali. Lakini mimi sitaki kumwandika nikijua nitakuja kumfuta.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Tangu usiku ule, tukiwa wawili tu, mimi mwenyewe nimeanza kumwita Wanjala. Mume wangu hajui. Naona kama namsaliti, kwa sababu lile la Jabari alinipa yeye saa nane usiku, wakati hakuna mwingine aliyekuwa na neno la kunipa.

Nisaidie, Shangazi, nanyi wasomaji mlioolewa nje ya kabila lenu mnisaidie. Nikiliweka la babu mbele, nimwambieje Baba Nekesa asione kwamba nimelitupa jina lililomtoa mtoto hospitalini? Na nikiliweka Jabari mbele, mama mkwe arudi Bungoma akaseme nini kaburini kwa mzee? Mwisho wa mwezi huu anasafiri, na ameomba aondoke akiwa ameona karatasi.

Mama Nekesa,
Kayole, Nairobi