Mwenye muhuri hajawahi kuiona nyumba yangu

Mhariri, salaam kutoka Kigoma.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana hili jambo nimeliongea kwa majirani, nimeliongea sokoni, nimelifikisha mpaka kwa mjumbe, na kila ninayemwambia anacheka anasema ah, mafundi ndo walivyo, halafu basi. Mi sikubali kwamba ndo walivyo. Fundi cherehani akikuharibia gauni utanuna wiki nzima yataisha, ila fundi umeme akikuharibia nyumba unaweza usiamke hata huko kununa.

Niweke sawa mapema, siwasemi TANESCO hapa. Huku kwetu ukitaja umeme tu watu wanadhani unalisema shirika. Shirika linakuletea umeme mpaka kwenye mita, kuanzia pale kuja chumbani ni waya zako na fundi wako uliyemtafuta mwenyewe, na hao ndo nnaowaongelea, mafundi wa wayaringi za majumbani.

Nyumba yangu iko Gungu, vyumba vitatu na sebule, na kibaraza nilichokizungushia ukuta niweke friza maana nauza samaki wa migebuka na vinywaji baridi. Fundi nilielekezwa na duka moja la vifaa vya umeme pale Mwanga. Alikuja vizuri tu, kavaa smati, testa mfukoni, kaangalia paa kazunguka chumba kwa chumba anahesabu pointi. Kwa wasiojua, wayaringi huku inalipwa kwa pointi, na hapo ndo wizi wa kwanza unapoanzia, maana hakuna mtu amekaa akakubaliana na wateja pointi ni nini. Kwangu taa ilikuwa pointi, swichi ya hiyo hiyo taa nayo pointi nyingine, soketi ya matundu mawili akaihesabu mara mbili, hadi kengele ya mlangoni ambayo sijaiomba ikawemo kwenye hesabu. Nikamuuliza mbona jirani yangu taa na swichi yake alihesabiwa kitu kimoja, akanijibu "mama kila fundi na mahesabu yake". Sawa, tukavutana tukafika mahali tukaelewana.

Halafu ikaja orodha ya vifaa. Yeye alitaka nimpe hela akanunue mwenyewe, mi nkasema hapana tutaenda wote. Tumefika dukani naona yeye na muuzaji wanaongea kwa macho! Nimeuliza bei ya rola ya waya, muuzaji kabla hajanijibu anamtazama fundi. Kila mtu mjini anajua kuna cha juu cha fundi, na kusema ukweli cha juu peke yake kisingenisumbua sana, mtu anakula kazini kwake. Kinachoniuma ni kwamba cha juu ndo kinachoamua nyumba yako ifungwe waya gani. Waya wa taa unatakiwa unene wa 1.5, yaani milimita za mraba, wa soketi 2.5, wa jiko au hita ya maji unapanda mpaka 4 au 6, hivi ni vitu vya kawaida kabisa hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anavijua. Kwangu mimi soketi za jikoni nilikuja kukuta zimevutwa 1.5, na rola ya 2.5 niliilipia kwa hela yangu na nikaibeba mwenyewe kwenye bodaboda. Ilikoenda Mungu ndo anajua, labda iko ukutani kwa mtu mwingine huko Katubuka.

Na kuna hili la kuambiwa nimwite mzee. Mimi ndo niliyenunua kiwanja, mimi ndo niliyempigia simu, hela inatoka kwenye simu yangu, lakini kila nikiuliza kitu cha maana jibu ni "mama, mzee yupo nimwelekeze?" Nkimwambia mzee hajui chochote kuhusu hii kazi anacheka, anaendelea kutoboa ukuta. Kaka yangu alipita siku moja kunisalimia tu, mtu wa kuvua samaki ambaye maisha yake yote na umeme wapi na wapi, basi fundi akashuka kwenye ngazi akamweleza mambo yote ambayo mi nilikuwa nayauliza. Kaka anaitikia tu ehee, ehee. Alipoondoka nikamuuliza umeelewa nini, akasema "sijaelewa hata kimoja dada ila anaonekana fundi mzuri".

Ya kuchelewa sitayasema sana maana kila msomaji wenu anayo ya kwake. Nipo njiani mama. Nimefika hapo raundabauti. Nitumie kidogo ya nauli. Akishachukua advansi akaona kazi nyingine anakuacha na kuta zimechimbwa mitaro, anaenda kuanza kwa mwenzako nako achukue advansi. Kuna kipindi akasema yuko Kalya, amepanda boti kutoka Kibirizi kuna msiba, mtandao ziwani hamna ndo maana simu haishiki, na mi kwa sababu ni msiba nkanyamaza. Jioni hiyo hiyo mwanangu anarudi shule ananiambia mama fundi wetu nimemuona Mwanga anakula chipsi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya nikae niandike.

Ili uletewe umeme fomu yako lazima ipitie kwa mkandarasi mwenye leseni, yule aliyesajiliwa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na leseni zenyewe zina madaraja. Ni utaratibu mzuri sana tena una maana, maana yake kuna mtu anayejulikana amesema hii nyumba nimeifanyia kazi, nimeipima, iko salama, na ikitokea shida mnanijua. Fundi wangu leseni hana. Akanambia usijali mama kuna bosi wangu atagonga muhuri, andaa tu hela ya muhuri. Hela ya muhuri! Nikatoa, fomu ikaondoka mkononi kwangu haina kitu ikarudi ina jina la mtu, namba ya leseni, sahihi na muhuri wa bluu umekaa vizuri katikati. Huyo mtu mpaka leo simjui sura. Hajaja Gungu, hajapiga simu, hajauliza nyumba ina vyumba vingapi. Lakini kwa karatasi ni yeye aliyefanya wayaringi ya nyumba yangu na ni yeye aliyeipima.

Nilidhani ni mimi tu. Nikaanza kuulizia mtaani kwetu, kila nyumba ni hivyo hivyo, aliyechimba ukuta na kuvuta waya ni mmoja, aliyegonga muhuri ni mwingine, na hawa wawili wanakutana kwenye hela tu.

Umeme ukawaka tukashangilia. Baada ya siku kidogo yakaanza. Taa ya chumbani ukiizima inabaki na kamwanga, usiku mzima kanamulika hafifu. Nampigia fundi ananambia "hizo ni taa za kisasa mama ndo zilivyo". Halafu main swichi ikawa inaruka, unawasha inakaa saa moja inaruka, mvua ikinyesha ndo usiseme. Hapo wimbo ukawa ni umeme wa gridi una nguvu sana. Zamani tulivyokuwa tunaendeshwa na majenereta ya dizeli kila kitu kikiharibika tuliambiwa ni umeme wa jenereta hautulii, sasa gridi ya taifa imetufikia tunaambiwa umetulia kupita kiasi! Fundi hakosagi cha kusingizia.

Nikampigia mpaka akaja. Akafungua main swichi, hakukaa hata nusu saa, akasema tayari mama nimeshakutatulia haitaruka tena, akachukua hela yake. Na kweli haikuruka tena.

Kilichofuata ni friza kuanza kung'ata. Ukishika mpini na mikono mikavu huhisi kitu, ila ukiwa na maji maji, na biashara ya samaki ni maji mwanzo mwisho, unahisi kama vidole vinatekenywa. Siku mwanangu wa miaka sita amesimama peku kwenye sakafu niliyotoka kuidekia akashika mlango wa friza, alirushwa nyuma akakaa chini. Hakulia, alinyamaza tu ananiangalia. Nikachomoa friza. Migebuka ya hela nyingi nikaikaanga yote siku ileile, nyingine nikagawa.

Nikaletewa binti mmoja kamaliza chuo cha ufundi cha VETA si muda mrefu, mdogo mdogo hivi, nkasema moyoni haya tena. Huyu binti hakugusa nyundo kwanza. Alizima umeme wote, akachomoa kila kitu, akatoa mita yake akaanza kupima laini moja moja anaandika kwenye daftari. Halafu akaniita, mimi, hakuuliza mzee yuko wapi. Akanionesha kwenye main swichi kile kidude chenye kakitufe kameandikwa T, akanambia mama hii ndo inayolinda watu, umeme ukivuja kidogo tu, miliampia 30, inakata kabla haujamdhuru mtu, sasa fundi wako ameiruka, waya amezipitisha pembeni haisomi chochote. Kwa hiyo ile kuruka ilikuwa inatuambia kuna mahali umeme unavuja, na bwana yule alichotatulia ni kuinyamazisha.

Akafungua soketi ya friza. Ule waya wa njano na kijani, wa ethi, unaopeleka ardhini umeme unaovuja, umekatwa ukakunjwa nyuma haujafungwa popote. Akaniambia tukaangalie ethi rodi nje. Kile chuma kinatakiwa kiwe kirefu kimepakwa shaba kimezama ardhini vizuri, pale kwangu kilikuwa kipande cha nondo, kilichobaki kwenye msingi nadhani, nilikivuta kwa mkono mmoja kikatoka. Dari la kibaraza nalo lilikuwa na jointi ya waya mahali bati linapovuja, haina boksi, haina tepu, imeviringishwa kipande cha mfuko wa rambo. Mifuko yenyewe imepigwa marufuku tangu 2019, sijui aliitoa wapi! Na kale kamwanga ka taa sio usasa wowote, swichi aliifunga ikawa inakata niutro, waya unaorudisha umeme, badala ya laivu, ule unaouleta, kwa hiyo hata ukizima taa pale kwenye holda umeme bado upo unakusubiri ubadilishe balbu.

Alirekebisha yote hayo, soketi za jikoni akazivuta upya na 2.5, akabonyeza kale kakitufe mbele yangu umeme ukakata paa, akasema mama bonyeza na wewe, kila mwezi uwe unabonyeza, kasipokata niite. Akaniandikia karatasi ya alichofanya na alicholipwa.

Sasa mhariri nisaidie kufikiri hapa. Huyu binti hana muhuri, leseni ndo bado anaihangaikia. Yule aliyefunga rambo naye hana. Mwenye muhuri yupo, ana leseni safi kabisa, na hajui nyumba yangu inaelekea upande gani. Kwa hiyo kwenye karatasi binti aliyetuokoa na bwana yule wa rambo wako sawa sawa, wote si mafundi, na fundi ni mtu ambaye hajaja.

Wengine wanasema dawa ni wateja tuache kuchagua bei rahisi. Sawa, kuna ukweli, lakini mimi sikuchagua rahisi, na hata ningechagua ghali ningepimaje? Waya ukishapigwa lipu hauonekani. Muhuri ndo ulitakiwa uwe jicho langu mule ndani ya ukuta.

Ninachoomba kwa wanaotoa hizo leseni sio kikubwa. Kwenye fomu pawe na jina na simu ya mkono uliovuta waya, sio wa mwenye leseni peke yake. Majibu ya kipimo, ethi imesoma ngapi, kile kidude kimekata au hakijakata, yaandikwe na mwenye nyumba asaini kwamba kipimo kimefanyika mbele yake, asiposaini fomu isipokelewe. Orodha ya wenye leseni wa mkoa huu ibandikwe kwenye ofisi za kata, hapa Gungu, Mwanga, Ujiji na kwingine, na picha zao, ili nikiambiwa "bosi wangu" nikamtazame ni nani. Na wakague nyumba chache chache bila taarifa, wachukue fomu kumi zenye muhuri mmoja, wampigie mwenyewe wamuulize tu nyumba ya tatu ina rangi gani.

Mkandarasi mwenyewe akisoma hii barua atajijua. Namba ya leseni ninayo, fomu nimeitoa kopi, jiti la nondo na kile kipande cha rambo nimevihifadhi kwenye boksi. Simtaji jina gazetini, ila nimempa mpaka mwisho wa mwezi aje Gungu aone kazi yake na anirudishie hela ya muhuri, asipokuja hilo boksi nalipeleka EWURA. Na yule kijana wake amwambie ngazi yake bado iko kwangu, aliikimbia siku aliyonitatulia, na juzi kanitumia meseji ananidai elfu ishirini ya pointi ya kengele.

Wako,
Muuza migebuka,
Gungu, Kigoma