Mwanangu, picha ya uyoga haitoshi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na zile picha tatu nimeziona. Umeniuliza kwa mstari mmoja tu: "Mama, huu ni uyoga gani?" Nimezitazama jana usiku mpaka macho yakachoka. Naona kofia ya kahawia iliyochongoka katikati, bua jembamba na majani makavu pembeni. Jina sina la kukupa. Sikunyimi, ila yale yanayobeba jina hayamo pichani.

Nijibu kwanza. Uliuchimbua wote, pamoja na sehemu iliyozama ardhini, au uliukata kwa kisu? Ulikuwa umeota juu ya udongo, gogo lililooza, au mavi ya mnyama? Mti uliokuwa karibu ni upi? Ulinusa ukasikia harufu gani?

Uyoga unaouona ni kama tunda. Kiumbe mwenyewe yuko chini: nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazopenya udongo au mti, na anaweza kukaa humo miaka mingi bila kujionyesha. Kule Oregon, Marekani, kuna kuvu moja ya jenasi (yaani kundi la spishi zilizo ndugu) ya Armillaria ambayo nyuzi zake zimetapakaa chini ya msitu kwa karibu kilomita za mraba 10, na umri wake unakadiriwa kuzidi miaka 2,000. Nyakati nyingi unaweza kupita juu yake usijue kwamba ipo. Ndiyo maana mahali ulipouokota uyoga ni sehemu ya uyoga wenyewe. Na kisu kinaharibu ushahidi. Uyoga wa Termitomyces, ule unaolimwa na mchwa ndani ya kichuguu, una mkia mrefu kama mzizi unaoshuka hadi kwenye bustani ya mchwa. Ukiukata juu, umeukata uhusiano wote. Amanita zenye sumu kali nazo huacha kifuko chini ya bua, ndani ya udongo. Ukikiacha kifuko hicho ardhini, umekiacha kile ambacho kingekuonya.

Kama bado unao, fanya hivi usiku wa leo. Kata bua, weka kofia juu ya karatasi ambayo nusu ni nyeupe na nusu nyeusi, matamvua yakitazama chini, kisha funika na bakuli. (Matamvua ni zile pazia nyembamba zilizo chini ya kofia; mimi nimezoea kuziita hivyo kwa kuwa zinafanana na matamvua ya samaki.) Asubuhi ukiinua kofia utakuta vumbi limechora mistari, kila chembe yake ikiwa ni spora, ambayo kwa uyoga ni kama mbegu. Linaweza kuwa jeupe, la waridi, la kahawia, au jeusi tii. Nilipoiona chapa ya namna hiyo mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda mrefu, kwa sababu hakuna mkono ulioichora. Mwanzoni mwa karne ya 20 Reginald Buller, aliyefanya kazi Winnipeg huko Kanada, alilichunguza tone dogo la maji linalokua kwenye kitako cha kila spora. Tone likigusana na unyevu ulio juu ya spora, uzito unahama ghafla na spora inaruka. Hairuki hata milimita moja: inatoka tu kwenye ukuta wa tamvua lake bila kugonga la jirani, kisha inaanguka taratibu hadi chini.

Rangi ya vumbi hilo ndiyo Elias Fries wa Uswidi aliyoitumia sana kuanzia mwaka 1821 alipoupanga uyoga katika makundi. Mpangilio wake ulitumika zaidi ya miaka 100, na msituni bado ninautegemea. Lakini umbo linadanganya, mwanangu, na hapo ndipo kazi hii iliponikamata.

Chukua uyoga wa wino. Ukikomaa, matamvua yake huyeyuka yakadondoka kama maji meusi. Zamani spishi zote zenye tabia hiyo ziliwekwa kwenye jenasi moja, Coprinus, na nani angebisha? Jambo la ajabu kiasi hicho lingezukaje mara mbili? DNA ilipoanza kusomwa, ikaonekana kwamba Coprinus comatus, ule mrefu wenye magamba meupe, ni ndugu wa Agaricus, jamaa ya uyoga mweupe unaolimwa duniani kote. Wengi waliobaki ni wa ukoo mwingine kabisa. Mwaka 2001 waligawanywa. Jina Coprinus likabaki kwa comatus na wenzake wachache, kwa kuwa yeye ndiye spishi ambayo jina hilo lilifungamanishwa nayo, na wengine wakapewa majenasi mapya: Coprinopsis, Coprinellus, Parasola.

Nakiri niliumia. Madaftari yangu yalijaa majina ya zamani. Ila ukilifikiri vizuri ni jambo la kupendeza. Matamvua yao yamebanana sana, spora ikiruka haina pa kupitia. Yakijiyeyusha kuanzia ukingo wa chini kwenda juu, njia inafunguka. Koo mbili zilikutana na shida moja, na kila moja kwa wakati wake ikafikia jawabu lilelile. Uyoga wa mviringo, usio na matamvua, unaotoa moshi wa spora ukiubonyeza, nao umezuka mara nyingi katika koo mbalimbali.

Mabaki ya kale yaliyogeuka mawe hayatusaidii sana kuijua historia hiyo, maana nyama ya uyoga huoza kwa siku chache. Mkongwe tunao mmoja kutoka Brazil, uliotangazwa mwaka 2017, wa miaka kama milioni 115, nao tayari una kofia, bua na matamvua. Mengine tunayasoma katika DNA ya walio hai.

Nilipokuwa na umri wako niliokota uyoga miwili iliyofanana kabisa, chini ya miti miwili tofauti. Giza lilikuwa linaingia, nikaitia yote katika bahasha moja na kuandika jina moja. Miaka 11 baadaye tulipopima DNA, kumbe ni spishi mbili, na sikuweza kusema ipi ilitoka chini ya mti upi. Bahasha ile ninayo mpaka leo. Kwa hiyo kila uyoga na mfuko wake, namba yake, na maelezo yake siku hiyohiyo.

Spishi za kuvu zilizokwisha kupewa majina ni kama 150,000, na makadirio ya mwaka 2017 yalisema huenda ziko kati ya milioni 2.2 na 3.8. Mwaka 2014 watafiti wawili walipima vipande vya uyoga mkavu kutoka pakiti moja iliyonunuliwa London, wakakuta spishi tatu ambazo wakati huo zilikuwa hazijapewa jina la kisayansi. Huo uyoga wako wa kahawia unaweza kuwa wa kawaida kabisa. Unaweza pia kuwa hauna jina.

Jambo moja sikuombi, nakuamuru: usiule, wala asikuambie mtu kwamba simu imeutambua. Sumu ya Amanita phalloides ipo pia katika baadhi ya uyoga wa jenasi za Galerina na Lepiota, ambao si jamaa zake wa karibu. Baadhi ya Galerina ni midogo, ya kahawia, kama huo wako. Mtu hukaa saa 6 au zaidi bila kusikia chochote, kisha anaugua, kisha anapata nafuu ya uongo huku ini linakufa.

Ukishapata chapa, kausha uyoga kwa joto dogo, kama nyuzijoto 40 za Selsiasi, mpaka uvunjike ukiukunja, na uuhifadhi pamoja na karatasi ya chapa. Baba yako anakusalimu. Niandikie vumbi lilikuwa rangi gani. Nikishajua hilo tutaanza kutafuta ndugu zake.

Mama yako