Baba, gari limepita

Clarkston, Georgia
Jumapili usiku

Baba, shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu. Sisi huku hatujambo, watoto wanaendelea na shule.

Najua pesa ya mabati mliitegemea tangu mwisho wa mwezi. Nilipokwambia kwenye simu kwamba gari limenisumbua, nilikuwa kazini, sikuweza kueleza. Leo nimepumzika, nakuandikia yote, maana katika ukoo mzima ni wewe utakayeyaelewa.

Huku Georgia namba ya gari hulipiwa kila mwaka, na mwisho wa kulipa ni siku yako ya kuzaliwa. Sisi wa Atlanta na wilaya zinazoizunguka, 13 kwa jumla, hatulipi mpaka gari lipimwe moshi. Magari mapya husamehewa, na yaliyofikisha miaka 25 pia. Langu ni la 2009, kwa hiyo halina pa kukwepea. Nilidhani watachomeka mpira kwenye ekzosi wapime moshi wenyewe. La, hakuna aliyeangalia moshi. Kijana aliinama chini ya usukani, akachomeka waya, kompyuta ya gari ikaeleza yenyewe. Dola 25, dakika chache, nikapewa karatasi: limefeli. Chini yake namba ya hitilafu, P0420, yaani masega ya kwenye ekzosi hayasafishi moshi inavyotakiwa. Taa ya injini ilikuwa inawaka tangu miezi miwili nyuma, nami nikawa naahirisha.

Gereji ya kwanza ilikuwa kubwa na safi, wageni wanapewa kahawa. Fundi hakufungua hata boneti. Alisoma namba ileile, akaniandikia dola 1,900 za masega mapya. Nikamwuliza amejuaje kuwa tatizo ni masega. Akasema kompyuta imesema. Baba, niliishika ile karatasi nikaona mabati yote yanaondoka, na ada ya mdogo wangu juu yake. Sheria ya Marekani inataka masega yawe na waranti ya miaka 8 au maili 80,000, lakini langu limeshapita huko zamani.

Wa pili akanishauri nichomoe betri, taa izime, kisha niwahi kupima. Sikufichi, nilifanya hivyo. Mashine ikakataa. Kumbe ukichomoa betri, kompyuta inasahau pia vipimo inavyojifanyia yenyewe gari likiwa barabarani, na gari la kuanzia 2001 linaruhusiwa kubakisha kimoja tu ambacho hakijakamilika. Langu lilikuwa na vinne. Nilirudi nyumbani nikalia, maana siku zilikuwa zimebaki kumi na mbili, na bila gari sifiki kazini usiku.

Kuna mama wa Bukavu tunayekaa naye jengo moja. Wakongo ni wengi hapa Clarkston, Kiswahili unakisikia mpaka kwenye foleni ya duka. Akaniambia, "Dada, usipoteze franga. Nenda kwa fundi wangu wa motokari."

Fundi mwenyewe ni mzee wa Kihabeshi, gereji yake ina milango miwili tu. Aliniambia niwashe gari, akachukua tambara, akalilowesha, akalikunja na kuziba mdomo wa ekzosi. Kisha akanyamaza akisikiliza.

Baba, nilikuona wewe. Nilijiona pale Ngamiani chini ya mwarobaini, nimekushikia tambara nyuma ya ile Land Rover ya shamba la mkonge, na wewe uko chini unaniambia nikaze, nisiachie, penye kidonda patalia. Na huku nako palilia: tss, tss, tss, katikati ya bomba.

Akalinyanyua gari, akaniita nitazame. Kwenye maungio, kabla ya sensa, kile kifaa kinachoipimia kompyuta moshi, palikuwa na michirizi ya masizi kama wanja uliolowa machozi. Akaniambia gasketi imekatika, hewa ya nje inaingia hapo, sensa inadanganyika, halafu lawama inakwenda kwa masega. Alipoitoa aliniwekea kiganjani: imeliwa upande mmoja, nyembamba kama ganda la kitunguu. Boliti mbili nazo zilikuwa zimekwisha kwa kutu. Dola 140, na risiti.

Ila kilichonifanya nimwamini kabisa ni maneno yake ya mwisho. Hakuniambia nimepona. Alisema nitembee wiki nzima, mjini na barabara kuu, na kila asubuhi niwashe injini ikiwa imepoa, ili kompyuta imalize vipimo vyake. "Taa ikirudi, njoo, hapo ndipo tutazungumza habari ya masega." Angeweza kuniuzia masega siku ileile, na mimi ningelipa.

Taa haikurudi. Alhamisi nimepima, limepita, na namba nimelipia zikiwa zimebaki siku tatu. Nimeshawapeleka kwake wenzangu wawili wa kazini.

Pesa ya mabati nitaituma Ijumaa, Mungu akijalia. Mwambie fundi wa paa aanze kupima. Ile gasketi nimeiweka kwenye bahasha, Desemba nitakuja nayo uishike mwenyewe. Na nikipiga simu unikumbushe: ile Land Rover, enzi hizo vipuri havipatikani, gasketi yake uliikata kutoka kwenye nini?

Mwanao akupendaye