Alama zake nzuri zimenifunga mdomo

Ndugu mshauri, salamu nyingi.

Nina binti wa miaka 15. Alirushwa darasa akiwa mdogo, na sasa anasoma na wanafunzi wenye vipaji maalumu. Hesabu na fizikia ndiyo mapenzi yake. Katika masomo sina la kulalamika. Kinachoninyima raha ni jinsi anavyokula na anavyoishi.

Asubuhi anaondoka bila kutia kitu mdomoni. Mchana wenzake wakienda kula, yeye anabaki na maswali yake, akipata sana ni biskuti. Njaa inamshika usiku, na hapo anakula chochote kilicho karibu huku macho yako kwenye kompyuta. Ukimuuliza baadaye kala nini, hakumbuki. Siku hizi ameongeza vinywaji vya kuongeza nguvu ili akeshe. Analala saa saba au nane usiku, saa kumi na mbili asubuhi lazima aamke. Kijana wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Yeye hazidishi 5. Mpira wa kikapu aliokuwa akiupenda ameuacha.

Mwili umeanza kulalamika. Kichwa kinamuuma mara kwa mara, akisimama ghafla anasikia kizunguzungu, na hedhi iliyokuwa imeshakaa sawa sasa inaruka miezi. Nimeshapanga kumpeleka kwa daktari, apimwe na damu pia, maana wasichana wa rika hili hupungukiwa madini ya chuma kwa urahisi.

Linalonishinda ni kuzungumza naye, kwani mtoto huyu ana hoja. Nikimwambia ubongo unatumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili, ananijibu ndiyo maana anahitaji sukari. Nikimwambia kafeini aliyokunywa saa nne usiku, karibu nusu yake bado imo mwilini baada ya muda wa saa tano kupita, anasema yeye haimsumbui. Haya yote aliyasoma kabla yangu! Anaweza kukueleza vizuri kabisa kwamba miaka hii ndiyo mifupa inajiwekea akiba ya kalsiamu, na maziwa hayagusi. Kwa hiyo sioni kama kumwongezea maarifa kutasaidia.

Baba yake ananiambia nimwache, eti wenye akili nyingi ndivyo walivyo. Mwalimu wake mmoja alimsifu mbele ya darasa zima kwa kukesha akisoma, na jambo hilo liliniuma sana. Mimi siamini kwamba kipaji huja na kutokula. Naona kufaulu kwake ndiko kunakomficha. Mwanafunzi anayeshuka alama akionekana dhaifu, kila mtu atauliza kulikoni. Wangu akidhoofika, wanasema ni bidii.

Kuna jambo jingine linalonitia hofu zaidi. Aliposhika nafasi ya pili katika mtihani fulani, alikataa chakula kutwa nzima, akasema hajastahili kukaa mezani. Tangu hapo namwangalia kwa jicho jingine. Nitajuaje kama haya ni mazoea ya kijana mwenye shughuli nyingi, au ni mwanzo wa ugonjwa wa ulaji?

Naomba pia unisaidie hapa: nikiitoa kompyuta chumbani usiku, nitamsaidia au nitamfundisha kujificha? Nikienda shuleni kuomba asiachwe darasani wakati wa chakula, ataona nimemdhalilisha? Sitaki aamini kwamba mama yake anapigana na hesabu, kwa kuwa ndicho kitu kinachomfurahisha kuliko vyote.

Mwezi ujao ana mashindano ya hesabu, na maandalizi yake yameanza kula hata usiku wa mwisho wa wiki. Nimzuie mpaka afya yake itengemae, au nimruhusu kwa masharti ya kula na kulala? Kama ni masharti, niyaweke vipi ili ayakubali? Nakuomba unijibu hili kwanza, kwa sababu siku za kujiandikisha zinakwisha.

Mama mwenye wasiwasi