Yah: Malalamiko ya kutelekezwa Singida tukielekea fainali ya Kombe la Shirikisho

Kirumba, Mwanza
2 Juni 2017

Kwa Meneja,
Ofisi ya Tiketi, Stendi ya Nyegezi

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi na wenzangu kumi tulikata kwenu tiketi za Dodoma kwa safari ya Ijumaa, 26 Mei, ili kesho yake tuishuhudie Mbao FC ikicheza na Simba katika Uwanja wa Jamhuri. Masharti ya tiketi zenu mnayajua kuliko mimi, hivyo sitayaeleza.

Saa 4 usiku, stendi ya Singida, kondakta wenu alitushusha akidai kuwa gari ni bovu na kwamba tunafaulishwa. Gari la pili lilipofika, walipandishwa abiria wa Dar es Salaam peke yao. Nilipomwonyesha tiketi yangu aliikunja, akanitumbukizia mfukoni mwa shati kwa mkono wake, kisha akasema mbele ya watu: "Timu yenyewe inakwenda kufungwa, mnawahi nini?"

Timu hiyo, iliyo katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, ndiyo iliyoitoa Yanga kwa bao 1-0 katika nusu fainali hapa hapa Kirumba. Hata hivyo, ingekuwa timu ya mtaani, nauli yetu ilikuwa kamili.

Niongeze kwamba gari lililopaswa kuondoka Nyegezi saa 12 asubuhi liliondoka saa 5, likisubiri viti vijae. Kama si hilo, huko Singida tungefika jua likiwaka.

Narudia lile la stendi, Ndugu Meneja, lisije likasomwa harakaharaka: aliikunja tiketi mara mbili, akaisokomeza mfukoni mwangu kama anayempa mtoto hela ya pipi, na mzee wetu mmoja alipomwomba walau mabegi yashushwe taratibu, la kwake lilirushwa kutoka kwenye buti hadi kwenye tope. Dereva alikuwa anacheka.

Kesho yake mabasi yalipita yakiwa yamejaa. Tulichanga tukakodi Noah, tukaingia uwanjani dakika za nyongeza zikiwa ukingoni, matokeo 1-1. Bao pekee tulilolishuhudia ni penalti ya Shiza Kichuya, iliyowapa Simba ushindi wa 2-1 na tiketi ya michuano ya Afrika. Tiketi yao wao iliheshimiwa.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba nauli zetu kumi na moja tu. Sasa naomba pia gharama ya Noah, pamoja na barua ya kumwomba radhi yule mzee, iliyosainiwa na kondakta mwenyewe, ndani ya siku 14. La, siku saba zinatosha, kwa kuwa yeye kututelekeza hakuhitaji hata dakika kumi. Zikipita, nakala ya barua hii na tiketi zote, ikiwemo ile iliyokunjwa, zitakuwa mezani kwa SUMATRA, mamlaka inayosimamia usafiri, hapa Mwanza, na shauri litafuata mahakamani.

Wako,
Abiria wa kiti namba 23