Diwani wetu hakufoka

Mhariri, salaam. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nanunua pale stendi kila asubuhi, sasa wiki iliyopita mmeandika kwa herufi kubwa "Diwani afoka" na mi kwenye kile kikao nilikuwepo, nimekaa benchi la pili, yule mama kaongea taratibu kabisa kuhusu mabomba yetu kukauka miezi miwili, sauti hakupandisha hata kidogo. Kesho yake sokoni watu wanamuuliza eti ulimfokea nani, kaumia kweli.

Jamani kufoka ni neno la vitu vya majimaji. Bi mkubwa wangu alikuwa anauza uji, na mi nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kukaa na mwiko pale jikoni, moto ukizidi uji unapanda mpaka mdomoni mwa sufuria halafu ghafla unafoka, unamwagikia mkaa, jiko linazimika linatoa moshi, na bi mkubwa akija ananifokea mimi. Neno lilelile, maana mtu anayefoka hasira imemjaa mpaka imemmwagika, hawezi tena kuizuia. Hata rap ilipoanza kushika Dar mwanzoni mwa miaka ya 1990, kina Saleh Jabir wanachana kwa Kiswahili, watu wakaiita muziki wa kufokafoka, kwa masikio yao maneno yalikuwa yanatoka mfululizo kwa nguvu kama mtu ana ugomvi.

Sasa mtu akisema jambo kwa ukali lakini kajishika, huyo kakemea, ndo maana mashehe na mapadri wanakemea rushwa bila kupiga kelele. Mkubwa akimsema mdogo kwa ukali, kamkaripia. Anayepayuka maneno hayana kichwa wala miguu, huyo anabwata. Maneno tunayo mengi na kila moja lina mahali pake, ila kwenye kurasa zenu nakuta afoka, awaka, acharuka, basi, siku mtu akifoka kweli mbele ya watu mtamwandikaje ili tujue hii ya leo ni nzito?

Na huyu ni mwanamke, akiambiwa kafoka watu wanasikia mgomvi, hoja ya maji wanaisahau palepale.

Naomba mrekebishe hata kwa mistari miwili ukurasa wa ndani, muandike diwani alidai maji. Mabomba yenyewe mpaka naandika hii barua hayajatoa hata tone.

Msomaji wenu, Morogoro